Al-Biruni na miaka ya kutoka Adam hadi gharika

Wakati fulani nilikuwa mpenzi mkubwa wa mihadhara ya kulinganisha dini. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika umri wa kila mzee anayetajwa katika kitabu cha Mwanzo. Nikikutana na Mkristo, swali langu lilikuwa tayari: mbona hesabu zenu hazikubaliani? Mara nyingi alikosa jibu, nami nikirudi nyumbani kifua mbele. Aliyenipunguza makali hakuwa padri. Ni Mwislamu aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita, Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973 huko Kath, katika nchi ya Khwarizm, sehemu ambayo leo imo Uzbekistan. Kiarabu alichoandikia vitabu vyake hakikuwa lugha ya kwao, alikisomea. Mwaka 995 vita vya kugombea utawala vilimkimbiza nyumbani akiwa kijana. Akahangaika huku na kule hadi akapata hifadhi Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, kwa mtawala Qabus. Huko, mnamo mwaka 1000, ndiko alikoandika kitabu chake cha tarehe na kalenda za mataifa, al-Athar al-Baqiya.

Humo alilishika suala lile lile la daftari langu: ilipita miaka mingapi tangu Nabii Adam (a.s.) hadi gharika ya Nabii Nuhu (a.s.)? Hakutosheka na nakala moja ya Taurati. Aliweka pamoja hesabu ya Mayahudi, ya Wakristo wanaofuata tafsiri ya Kiyunani, na ya Wasamaria. Mayahudi walipata miaka 1,656, Wakristo 2,242, Wasamaria 1,307. Chanzo cha tofauti hizi ni kitu kidogo kinachojirudia. Nakala ya Kiebrania inasema Adam alikuwa na miaka 130 alipozaliwa Shithi, ya Kiyunani inasema 230, na zote zinakubaliana kuwa aliishi miaka 930. Mia hapa, mia pale, kizazi baada ya kizazi, mwisho pengo linafika miaka 586!

Hapo mimi ningepiga takbira na kufunga daftari. Yeye alieleza kila kundi linavyojitetea na linavyomtuhumu mwenzake, kisha akatahadharisha kwamba habari za umma zilizopita zamani sana zimechanganyika na uzushi, kwa hiyo si za kupokelewa hivi hivi.

Tena hakuishia kwa watu wa Kitabu. Watawala wa Kibuwayhi, Waislamu walioishika Baghdad, walikuwa na nasaba inayowafikisha kwa Bahram Gur, mfalme wa kale wa Uajemi. Al-Biruni aliitilia shaka waziwazi. (Ya mfadhili wake Qabus aliikubali bila taabu. Hapo sina la kumtetea.)

Nikarudi kwenye vitabu vyetu vya visa vya Mitume. Qur'an imetaja miaka 950 ya Nabii Nuhu kwa watu wake, lakini haisemi Adam alipata mtoto akiwa na umri gani, na jina la Shithi halimo kabisa. Umri mwingi niliowasomesha watoto madrasa ulikuwa umetoka kwa watu wa Kitabu, wale wale niliokuwa nikiwacheka barabarani. Niliona haya.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm na kumchukua al-Biruni. Akaifahamu India, akajifunza Kisanskriti, na kufikia 1030 akawa ameandika juu ya imani za Wahindu kwa mtindo ule ule, akieleza kwanza wao wenyewe wanavyosema. Huko huko, akiwa Nandana, alikadiria ukubwa wa dunia kwa kupima kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho. Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050.

Daftari bado ninalo. Nimeongeza safu mbili, ya Kiyunani na ya Wasamaria, na pembeni nimeweka alama kwenye kila umri ambao Qur'an haikuutaja. Alama zimejaa ukurasa.