Mary Ainsworth: Alikuta mila imekwisha, akabadili utafiti
Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Canada, alifika Uganda 1954 akitaka kuchunguza watoto wanaoachishwa ziwa. Kwa mila ya Waganda, mtoto alipelekwa kwa ndugu siku kadhaa ili asahau kunyonya.

Kufika vijijini karibu na Kampala, akakuta wengi washaiacha mila hiyo. Utafiti umekwama? Wala.

Akageuza swali: mtoto anamshikaje mama yake moyoni? Bila maabara, akiwa na mkalimani, alitembelea familia 26 kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, akikaa sebuleni na kuangalia nani analia mama akitoka, nani anamtambalia akirudi.

Miaka ya 1960 akarudia Baltimore, familia 26 tena, safari hii tangu watoto wakiwa wachanga kabisa. Alifariki 1999 akiwa na miaka 85.