Hermann Ebbinghaus: Aliyejigeuza maabara ili ajue kwa nini tunasahau

Umekesha ukibukua. Saa kumi alfajiri unaapa kwamba kila kitu kimeingia. Lakini ukishaketi kwenye chumba cha mtihani, nusu ya uliyosoma imeyeyuka. Usijione mjinga. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, Mjerumani mmoja alipima jambo hilo hilo, tena kwa kutumia kichwa chake mwenyewe.

Hermann Ebbinghaus alizaliwa Januari 24, 1850 katika mji wa Barmen, Ujerumani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn akiwa na miaka 17, akakatiza masomo kwenda vitani Prusia ilipopigana na Ufaransa, kisha akarudi na kupata shahada ya uzamifu katika falsafa mwaka wa 1873. Baadaye alizunguka Uingereza na Ufaransa akifundisha ili apate riziki. Husimuliwa kwamba ni jijini Paris, kwa muuza vitabu vya mitumba, alikookota kitabu cha Gustav Fechner, mwanasayansi aliyeonyesha kwamba hisia za binadamu zinaweza kupimwa kwa hesabu.

Kitabu hicho kilimpa wazo. Kama hisia zinapimika, mbona kumbukumbu isipimike? Wakati huo hata Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara maarufu ya saikolojia mjini Leipzig mwaka wa 1879, aliamini kwamba mambo mazito ya akili kama kumbukumbu hayawezi kufanyiwa majaribio.

Ebbinghaus hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na saa yake na subira tu. Tatizo la kwanza lilikuwa hili: maneno ya kawaida yana maana, na yenye maana hushika upesi. Ungepimaje kumbukumbu tupu? Akaunda silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, kila moja ikiwa na irabu katikati ya konsonanti mbili, mithili ya “zup” au “nef”. Alizisoma kwa mwendo mmoja akifuata mlio wa saa, na alijitahidi kufanya kazi hiyo wakati ule ule wa siku. Kwa nini ajitese hivyo? Kwa sababu matokeo yakibadilika, alitaka ajue ni muda uliobadilisha, si uchovu wala kasi ya kusoma. Wanasaikolojia huita hilo kudhibiti vigezo.

Kisha akabuni kipimo. Tuseme orodha ilimchukua sekunde 1,000 kuikariri mara ya kwanza, na aliporudi baadaye ikamchukua 400 tu. Ameokoa asilimia 60 ya kazi, na hicho ndicho kiasi kilichobaki kichwani. Kwa hesabu hiyo aligundua kwamba baada ya dakika 20 alibaki na asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, na baada ya mwezi 21. Yaani tunasahau mbio mwanzoni, halafu kasi inapungua.

Jambo la pili ndilo linalotuhusu sisi wa kukesha. Marudio 38 aliyoyatawanya kwa siku 3 yalimfaa karibu sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo mmoja. Kazi ndogo, faida ile ile.

Alichapisha matokeo mwaka wa 1885. Kulikuwa na kasoro ya wazi: mtafitiwa alikuwa mmoja, naye ndiye mtafiti. Angeweza kujidanganya bila kujua. Kilichomwokoa ni kwamba alieleza kila hatua, ili yeyote mwenye shaka ajaribu mwenyewe. Na watu wamejaribu. Mwaka wa 2015 watafiti wa Amsterdam walirudia jaribio lake na kupata mchoro unaofanana sana na wake.

Maisha hayakumnyookea vile. Mwaka wa 1894 alirukwa katika uteuzi wa uprofesa mkuu jijini Berlin, nafasi ikapewa Carl Stumpf, naye akahamia Breslau, mji ambao leo uko Poland. Huko aliombwa kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyochoka darasani, akabuni mtihani wa kujaza mapengo katika sentensi. Kama umewahi kujaza mapengo kwenye mtihani wa lugha, unajua kibarua chenyewe.

Alifariki kwa nimonia mjini Halle mwaka wa 1909, akiwa na miaka 59.

Basi ukisikia eti utafiti umethibitisha hiki au kile, uliza maswali ambayo kazi yake inatufunza: walipimwa watu wangapi, walipimwa vipi, na kuna aliyerudia akapata vile vile? Na kama mtihani uko wiki ijayo, anza leo usiku kwa nusu saa, kisha ulale.