Duchenne: Tabibu aliyeitafuta pumzi kwa umeme

Jioni inapoingia katika kijiji cha Soweto Mashariki, mtaani Kibera, jijini Nairobi, moshi wa makaa, kuni na mafuta ya taa hutanda katika vyumba vyenye mlango mmoja na aghalabu visivyo na dirisha la maana. Anayeuvuta moshi huo miaka nenda miaka rudi, hasa mama aliye mekoni kila siku, yumo katika hatari ya kupata ugonjwa sugu wa mapafu. Njia za hewa huziba kidogo kidogo, hata kubeba mtungi wa maji kukawa ni kazi ya kumtoa mtu jasho na pumzi.

Miongoni mwa mambo ambayo waganga wa mapafu wamejaribu kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo ni kupitisha umeme hafifu katika misuli. Watu hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Ukweli ni kwamba asili yake yarudi nyuma hadi karne ya 19, kwa Mfaransa mmoja ambaye hakuwahi kuwa na cheo katika hospitali yoyote ya Paris.

Guillaume Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba 1806 katika bandari ya Boulogne-sur-Mer. Ukoo wake ulikuwa wa mabaharia, na baba yake alitaka mwanawe naye ashike usukani. Kijana alichagua udaktari. Alifuzu huko Paris mwaka 1831, mwaka ule ule ambao Michael Faraday wa Uingereza aligundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme. Bila ugunduzi huo, chombo kilichompatia Duchenne sifa kisingeundwa.

Alirudi kwao, akaoa, akaanza kutibu watu. Mwaka 1833 mkewe alijifungua mtoto wa kiume, kisha akafa kwa homa ya uzazi. Kwa kuwa Duchenne ndiye aliyemzalisha mwenyewe, mama mkwe alimtupia lawama na uvumi ukaenea mjini. Mtoto, Émile, alichukuliwa na upande wa mama, na baba na mwana wakaishi mbalimbali kwa muda wa miaka karibu 30. Wagonjwa nao wakapungua.

Katika upweke huo ndipo alipoanza kushughulika na umeme. Mnamo mwaka 1835 alikuwa akichoma sindano mwilini mwa wagonjwa wenye maumivu na kupitisha umeme ndani yake, akaona misuli ikishtuka. Baadaye aliziacha sindano, akatumia vishikio vilivyofunikwa kitambaa kibichi na kuwekwa juu ya ngozi. Kwa njia hiyo aliweza kuuamsha msuli mmoja peke yake bila kumjeruhi mtu.

Mwaka 1842 alihamia Paris. Kwa kuwa hakuwa na wadi yake, alikuwa akizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine, sanduku lake la umeme mkononi, akiomba ruhusa ya kuwapima wagonjwa wa wenzake. Wapo waliomcheka. Wapo pia waliomheshimu, na mmoja wao, Jean-Martin Charcot, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa magonjwa ya neva, alimhesabu kuwa mwalimu wake.

Kazi yake juu ya kiwambo cha pumzi, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ndiyo inayotuhusu hapa. Duchenne aliiamsha kwa umeme neva inayoshuka shingoni kwenda kwenye kiwambo, na mara hewa ikaingia mapafuni. Alionyesha pia kwamba kiwambo kinapojikaza huziinua mbavu za chini, mradi tu matumbo yako mahali pake kukiegemeza kutoka chini. Yakiondolewa, msuli ule ule huzivuta mbavu hizo ndani.

Jambo hilo laeleza dhiki ya mgonjwa wa mapafu sugu. Mapafu yake yamejaa hewa isiyotoka, nayo hukisukuma kiwambo chini hadi kikalala bapa. Msuli ulio bapa, hata ukiamshwa kwa nguvu, huvuta mbavu ndani badala ya kuzitanua. Ndiyo maana umeme wa kiwambo umewafaa zaidi watu waliovunjika uti wa mgongo sehemu ya shingo, ambao mapafu yao ni mazima lakini amri ya ubongo haifiki. Kwa mgonjwa wa mapafu aliyedhoofika asiweze kufanya mazoezi, umeme umeonekana kusaidia zaidi ukitiwa katika misuli ya mapaja.

Mwaka 1855 Duchenne alichapisha kitabu chake kikuu juu ya tiba ya umeme. Mwaka 1862 alitoa kingine chenye picha za nyuso zilizokunjwa kwa umeme, na Charles Darwin aliziazima baadhi yake katika kitabu chake cha mwaka 1872. Ulimwengu unamkumbuka kwa picha hizo, na kwa ugonjwa wa watoto wa kudhoofika misuli unaoitwa kwa jina lake. Kwa maoni yetu, kazi yake juu ya pumzi haikupewa haki yake. Haikushika kasi hospitalini hadi mwaka 1948, wakati Stanley Sarnoff na wenzake wa Marekani walipoiamsha neva ile ile ya shingoni ili kuwapumulisha wagonjwa.

Émile alikuwa amekuwa daktari wa neva, na katika miaka ya 1860 alirudi kwa baba yake, wakafanya kazi pamoja. Furaha hiyo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Émile alikufa kwa homa ya matumbo. Duchenne alifariki Paris tarehe 15 Septemba 1875 kwa kuvuja damu ubongoni, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 69. Picha zake alikuwa amezikabidhi kwa chuo cha sanaa cha jiji hilo.