Lilanga: Mlinzi wa usiku aliyeishi kwa mstari

MZEE George Lilanga, aliyefariki dunia jijini Dar es Salaam Juni 27, 2005, aliingia Nyumba ya Sanaa akiwa mlinzi wa usiku.

Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, katika familia ya Kimakonde, akajifunza kuchonga mpingo kama vijana wengi wa kabila lake. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kibarua hicho cha ulinzi. Kituo chenyewe kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll.

Haukupita muda mrefu, mlinzi akaonekana kuwa msanii. Alipewa nafasi ya kuchora, kutia rangi vitambaa vya batiki na, jambo lililomfaa zaidi, kuchapa picha kwa bamba la chuma.

Kazi hiyo haina haraka. Bamba hupakwa nta, kisha mchoraji huikwaruza kwa sindano. Linapotumbukizwa katika tindikali, hulika pale tu palipokwaruzwa. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hubanwa juu yake kwa mashine. Mstari uliokwisha kulika si rahisi kuurudisha. Kwa mtu aliyezoea mpingo, ambao kipande kikishatoka hakirudi, sharti hilo halikuwa geni.

Humo ndimo walimozaliwa mashetani wake: masikio makubwa, matumbo yaliyovimba, midomo wazi, mikono iliyofungamana hata ni vigumu kujua kiungo kipi ni cha nani. Si mashetani wa kutisha; wanacheza ngoma, wanagombana, wanapeana habari. Ukiwatazama kwa mbali, watu hutoweka na kubaki mistari mitupu inayokimbizana.

Wenyeji wa Nzega wasidhani kwamba sanaa ya mstari ni ya Wamakonde peke yao. Kaskazini yao, Usukumani, wacheza nyoka walichora kuta za nyumba zao za mafunzo, na mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Bahati mbaya, ukuta wa udongo haudumu kama karatasi.

Mwaka 1978 kazi nyingi za Lilanga zilionyeshwa Washington, Marekani, na jina lake likavuka mipaka.

Hata hivyo, uzee wake ulikuwa mgumu. Kisukari kilisababisha akatwe miguu. Aliendelea kuchora akiwa ameketi, wasaidizi wakijaza rangi ndani ya mistari yake. Wapo wanunuzi waliolalamikia utaratibu huo, ingawa karakana za wachongaji wa Kimakonde zimezoea kazi ya mikono mingi.

Mwaka 2004 aliingizwa katika maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Ujerumani. Yalipofika Tokyo mwaka 2006, mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa.