Vittorio Sella, mpiga picha aliyetuachia theluji ya Ruwenzori

Wakaaji wa Lubero walio kwenye milima inayotazama bonde la Semliki wanajua jambo hili: asubuhi isiyo na mawingu, Ruwenzori inaonekana mbali, upande wa wilaya ya Beni, na juu kabisa kuna weupe. Weupe huo umepungua sana. Kama leo tunajua ulikuwa mkubwa kiasi gani zamani, ni kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Muitaliano mmoja, Vittorio Sella, aliyepanda huko na kamera yake mwaka wa 1906.

Sella alizaliwa tarehe 28 mwezi wa nane 1859 huko Biella, mji wa kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alpi. Jamaa yake walikuwa watu wa viwanda vya nguo za sufu. Baba yake aliandika kitabu cha kufundisha upigaji picha wakati kazi hiyo ilikuwa bado mpya kabisa, na baba yake mdogo, Quintino Sella, waziri wa fedha, ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia. Kwa hiyo kamera na mlima, vyote viwili alivikuta nyumbani.

Picha za wakati ule zilipigwa kwenye vioo. Mwanzoni kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kisha kikasafishwa mara moja ndani ya hema lenye giza. Fikiria kufanya hayo kwenye baridi, juu ya mlima. Baadaye vilikuja vioo vikavu, lakini Sella alipenda vikubwa, vya sentimeta 30 kwa 40, na uzito wake haukuwa mchezo. Hata hivyo alipanda wakati wa baridi kali, ambapo wengi walibaki chini: mwaka wa 1882 alivuka mlima Matterhorn wakati wa majira ya theluji, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo mbele yake. Kisha akaenda Kaukazi, Alaska na Himalaya.

Mwaka wa 1906 aliitwa na Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, anayejulikana kama Mtawala wa Abruzzi. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi ziwa Victoria, wakavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha wakatembea kwa miguu hadi Fort Portal. Mlima waliupanda kwa upande wa Uganda, kupitia bonde la Mobuku. Mizigo ilibebwa na watu wa huko, wakiwemo Bakonzo, ndugu za Wanande wetu. Munande na Mukonzo wakizungumza wanasikilizana. Kwa wazee wao theluji ni Nzururu, na kule juu ni makao ya Kithasamba. Wageni waliita vilele majina ya malkia wao, Margherita na Alexandra. Hakuna kilele kilichopewa jina la mbeba mizigo, na hilo ni haki kulisema.

Tarehe 18 mwezi wa sita kiongozi wao alifika Margherita, meta 5109. Kazi ya Sella ilikuwa ya namna nyingine: kungoja. Ruwenzori hufunikwa na mawingu karibu kila siku, na picha ya mlima mzima inahitaji dakika chache za anga safi. Huko hakuna majira ya baridi kama Ulaya. Baridi huja kila usiku na jua huirudisha nyuma kila mchana. Alipiga barafu, maziwa, na ile misitu ya ajabu ya lobelia na senesio, mimea mirefu kuliko mtu. Ndege wadogo wanaofyonza maua ya lobelia wako huko hadi leo, lakini vioo vya wakati ule vilifaa zaidi kwa vitu vinavyotulia.

Picha hizo zilitoka mwaka wa 1908 katika kitabu kilichoandikwa na Filippo De Filippi. Leo wataalamu wanazilinganisha na hali ilivyo. Karibu mwaka wa 1906 barafu ilifunika takriban kilometa za mraba 6,5. Mwanzoni mwa karne hii ilibaki karibu 1. Mwaka wa 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, pamoja na ya Ruwenzori na Virunga, huenda ikaisha kabla ya 2050. Kwa mkulima wa Mutwanga hilo si habari ya picha tu, kwa kuwa mito ya huko inatoka kwenye mlima huo huo.

Sella aliendelea hadi K2 mwaka wa 1909. Mwaka wa 1935, akiwa na miaka 76, alijaribu tena kupanda Matterhorn, akarudi kwa sababu mmoja wa waongozaji wake aliumia. Alikufa Biella tarehe 12 mwezi wa nane 1943, na vioo vyake vingali vinatunzwa mjini humo. Katika Ruwenzori kuna kilele chenye jina lake, kwenye mlima Luigi di Savoia, upande wa Uganda. Barafu ya mlima huo imekwisha.