Lumumba alipokuwa muuzaji wa bia ya Polar

Mfanyabiashara wa Kamenge anayevuka Gatumba kwenda Uvira hahitaji kuelezwa Primus ni nini. Hata yule aliyerudi kutoka kambi za Kigoma baada ya miaka mingi ya ukimbizi anaijua. Bia hiyo ipo pande zote mbili za mpaka, ingawa kila upande unapika ya kwake. Lakini ukimtajia Polar, huenda akakuuliza hicho ni kinywaji gani. Watakaokumbuka ni wazee walioishi Kongo kabla ya uhuru, hasa waliofika Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa.

Polar ilikuwa bia ya Leopoldville, na kwa muda fulani ilishindana na Primus chupa kwa chupa. Leo haipo sokoni. Ingekuwa imesahaulika kabisa, kama chapa nyingine nyingi zilizokufa, isipokuwa kwa jambo moja. Mtu aliyeinadi katika baa za Waafrika mwaka 1957 na 1958 aliitwa Patrice Emery Lumumba.

Kukumbuka bia iliyokufa si jambo la Afrika peke yake. Katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, Schlitz iliwahi kuwa bia iliyouzwa kuliko zote nchini humo. Katika miaka ya 1970 wenye kiwanda walibadili namna ya kuipika ili wapunguze gharama. Wanywaji wakaonja, wakaikimbia, na mwaka 1981 kiwanda cha Milwaukee kikafungwa. Wapo Wamarekani wanaokusanya makopo na chupa za bia za zamani kama ukumbusho wa miji yao ilivyokuwa. Polar haikuacha kumbukumbu ya namna hiyo. Iliacha jina la muuzaji wake.

Kijana wa posta

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katakokombe, Kasai. Alikuwa wa kabila la Batetela. Alisoma katika shule za misheni, na akiwa bado kijana aliondoka kijijini kutafuta kazi, kwanza katika machimbo ya Kalima, kisha Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Huko ndiko alikokomaa. Stanleyville ni mji wa Kiswahili na Lingala, naye alizimudu lugha zote mbili, pamoja na Kifaransa na Kitetela cha nyumbani.

Alipata kazi ya ukarani katika posta, na mwaka 1947 akapelekwa Leopoldville kusomea kazi hiyo. Aliporudi Stanleyville alikuwa mtu wa kusoma na kuandika usiku na mchana. Aliandika makala katika magazeti, akaongoza vyama vya watumishi na vya Waafrika waliosoma. Wakati huo serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikuwa na utaratibu wa kuwapa baadhi ya Waafrika cheti kilichowatambua kuwa wamestaarabika. Lumumba aliomba, akakataliwa, akaomba tena hadi akapewa mwaka 1954. Inaonyesha kuwa mwanzoni aliamini mlango wa Wazungu ungeweza kufunguka kwa kubishwa hodi kwa adabu.

Mwaka 1956 alialikwa Ubelgiji kwa ziara ya mafunzo. Aliporudi alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Hakukana kuwa fedha zilichukuliwa, na wenzake wa Stanleyville walichanga ili kuzirejesha. Hata hivyo alihukumiwa kifungo. Alitoka gerezani Septemba 1957, akiwa na umri wa miaka 32, mwenye mke na watoto, bila kazi ya serikali na bila matumaini ya kuipata tena. Akaenda Leopoldville kuanza upya.

Chupa mkononi

Leopoldville ya wakati huo ilikuwa na viwanda viwili vikubwa vya bia. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1923 na kuanza kuuza Primus mwaka 1926. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa Bralima. Cha pili kilikuwa Brasserie du Bas-Congo, kwa kifupi Bracongo, na bia yake ilikuwa Polar.

Ushindani wao ulikuwa mkali kwa sababu mnywaji mkubwa wa bia alikuwa Mwafrika. Kwa muda mrefu sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika wa kawaida kunywa mvinyo na pombe kali, lakini bia aliruhusiwa. Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika. Wazungu walikuwa na sehemu yao, na Waafrika walikaa upande wao uliojaa baa, dansi na rumba. Bendi ya OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 ilichukua jina lake kutoka baa moja ya mji huo. Meneja Mzungu hakuweza kuingia katika baa hizo jioni na kuzungumza na watu wakamwelewa. Kampuni ilihitaji Mwafrika anayejua kusema.

Bracongo ikamwajiri Lumumba. Alianza katika kazi ya kuitangaza Polar, akapanda hadi kuwa mkuu wa mauzo. Alizunguka baa kwa baa, akiwanunulia wateja Polar kwa gharama ya kampuni, akiwaeleza kwa nini bia hiyo ni bora kuliko ya wapinzani. Mauzo ya Polar yakapanda, na mshahara wake ukazidi kwa mbali ule wa posta.

Mfanyabiashara yeyote anajua kazi ya namna hiyo inamfundisha mtu nini. Muuzaji hujifunza kumtambua mwenye baa kwa jina na kujua nani analipa na nani anakopa. Hujifunza pia kusema na fundi baiskeli kwa lugha yake, kisha akageuka na kusema na karani kwa Kifaransa. Anajua watu wanalalamikia nini, maana kwenye meza ya bia malalamiko hayafichwi.

Kwa Leopoldville jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi. Mwafrika hakuwa na uhuru wa kuitisha mkutano wa siasa. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji ulifanyika Desemba 1957, tena katika miji mitatu tu. Baa ilikuwa mahali ambapo watu wengi wangeweza kukaa pamoja usiku bila kuomba kibali. Lumumba aliingia humo kama mtu wa bia, akatoka akiwa anafahamika mji mzima. Wapinzani wake wa kisiasa, hasa Joseph Kasa-Vubu wa chama cha ABAKO, walikuwa na nguvu kubwa kwa sababu ya kabila lao la Bakongo lililokuwa wengi mjini. Lumumba alikuwa mgeni asiye na kabila la kumbeba pale. Chupa ya Polar ilimpa nafasi ya kuzungumza na watu wa makabila yote.

Kutoka baa hadi Ikulu

Oktoba 1958 Lumumba na wenzake waliunda chama cha MNC, ambacho kilitaka Kongo moja isiyogawanywa kwa ukabila. Desemba mwaka huohuo alikwenda Accra, Ghana, katika mkutano wa watu wa Afrika ulioitishwa chini ya Kwame Nkrumah. Aliporudi alihutubia umati Leopoldville na kudai uhuru. Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 1959, ghasia kubwa zilizuka mjini humo baada ya mkutano wa ABAKO kuzuiwa. Tangu hapo siasa ilichukua muda wake wote, na kazi ya bia akaiacha.

Mambo yalikwenda kwa kasi. Mwishoni mwa 1959 alikamatwa tena baada ya ghasia za Stanleyville. Januari 1960 alitolewa gerezani ili ahudhurie mazungumzo ya Brussels kuhusu uhuru. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kilipata viti vingi kuliko vyama vingine, naye akawa Waziri Mkuu. Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Kasa-Vubu akiwa Rais.

Uongozi wake haukufika miezi mitatu. Siku chache baada ya uhuru jeshi liliasi, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga yenye madini. Septemba Kasa-Vubu alimfukuza kazi, kisha Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Lumumba akazuiliwa nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka kuelekea Stanleyville kwa wafuasi wake, lakini alikamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huohuo watatu hao wakapigwa risasi mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Habari hiyo ilifika pia Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo. Burundi nayo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na Oktoba mwaka huohuo, tarehe 13, Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa akiwa na miaka 29. Naye, kabla ya siasa kubwa, alikuwa ameanza kwa vyama vya ushirika vya wafanyabiashara. Upande wa pili wa ziwa, waasi wa Simba walioiteka Uvira Mei 1964 walijiita wafuasi wa Lumumba.

Kilichorudi

Wauaji hawakutaka Lumumba awe na kaburi. Miili ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo, Gerard Soete, alibaki na meno ya marehemu na baadaye akayasema hadharani. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo hicho. Mwaka 2016 jino moja lilichukuliwa na vyombo vya sheria kutoka kwa familia ya afisa huyo. Mwaka 2020 Juliana Lumumba, binti yake, alimwandikia Mfalme wa Ubelgiji akiomba mabaki ya baba yake yarudishwe.

Tarehe 20 Juni 2022 jino hilo lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels. Likawekwa ndani ya jeneza na kusafirishwa hadi Kongo. Lilipitishwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani alikokulia kisiasa na Katanga alikouawa. Tarehe 30 Juni 2022, siku ya kutimia miaka 62 ya uhuru, likazikwa Kinshasa. Watu walijipanga barabarani kama wanavyofanya kwa mwili mzima.

Wakati huo Polar ilikuwa imekwisha zamani. Bracongo haikufa. Ilikuja kuwa chini ya kundi la Castel la Ufaransa, na bia iliyoipa jina ni Skol. Primus iliyoshindana na Polar bado inapikwa Kongo na Burundi. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mjini Bujumbura mwaka 1955, miaka miwili kabla ya Lumumba kuanza kuzunguka na chupa za Polar. Lakini hata chapa kubwa haina uhakika wa kesho. Wafanyabiashara wa Bujumbura wameona katika miaka ya karibuni jinsi kreti zinavyoadimika nchi inapokosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Nchini Kongo, mwaka 2025, kampuni ya Heineken ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bukavu na Goma kwa sababu ya vita. Bia inahitaji kiwanda, barabara iliyo wazi na mtu mwenye fedha mfukoni. Kimoja kikikosekana, chapa inaondoka, na baada ya miaka 20 watoto hawaijui.

Hayo yanawahusu sana watu wa Kamenge. Mtaa huu ulihamwa wakati wa mapigano ya mwaka 1995, na wengi wa waliorudi walikuta nyumba bila paa au kiwanja chenye mtu mwingine. Walijua kuwa hawawezi kurudishiwa kila kitu, na wakaanza na kile walichokikuta. Familia ya Lumumba ilisubiri miaka 61 na kurudishiwa jino moja. Haikulikataa kwa kuwa ni dogo. Ililipokea, ikalifanyia mazishi, na sasa watoto na wajukuu wana mahali pa kwenda kumkumbuka.

Wazee wachache waliobaki Kinshasa wanaomkumbuka kabla ya siasa wanamkumbuka mtu mrefu mwembamba mwenye miwani, aliyeingia baani jioni akaagiza Polar kwa ajili ya meza nzima. Bia yenyewe hawataionja tena. Aliyewanunulia ana kaburi mjini mwao.