Mchungaji aliyewalinda aliowapinga

Ndugu msomaji, asubuhi ya leo umechagua mwenyewe kanisa utakalokwenda. Hakuna askari aliyekugongea mlango kuuliza kwa nini huendi lile la jirani. Nataka nikusimulie habari za mchungaji aliyefukuzwa na Wakristo wenzake kwa kulidai jambo hilo.

Aliitwa Roger Williams. Alizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 17, akasoma Cambridge, na mwaka 1631 akavuka bahari na mkewe Mary hadi Boston, katika koloni la Massachusetts. Waliowatangulia huko walikuwa Wapuritani, wacha Mungu waliokimbia mateso ya maaskofu wa Uingereza. Ungetegemea watu walioonja fimbo waihurumie migongo ya wengine. Wapi! Mwaka huohuo walipitisha sheria kwamba asiye mshirika wa kanisa lao hapigi kura, na hakimu alimwadhibu mtu hata kwa kuvunja Sabato.

Williams, akiwa mchungaji mjini Salem, alifundisha kwamba serikali ina mamlaka juu ya mwizi na muuaji, wala si juu ya dhamiri. Ibada ya kulazimishwa aliiona kuwa machukizo mbele za Mungu. Tena alisema mfalme hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji ambayo hakuinunua. Oktoba 1635 mahakama ikaamuru aondoke. Januari iliyofuata walipokuja kumkamata wampakie melini, walikuta ametoroka siku tatu kabla, akitembea kwenye theluji, nyuma akiwaacha Mary na mabinti wawili, mmoja bado mchanga. Waliompa hifadhi ni Wampanoag, wenyeji wa nchi, ambao hawakuwa Wakristo. Litafakari hilo kidogo.

Mwaka 1636 alipata ardhi kwa machifu wa Narragansett, akaanzisha mji akauita Providence, yaani maongozi ya Mungu. Huko serikali ilishughulika na mambo ya raia tu. Mwaka 1644 alitoa kitabu London kikidai uhuru wa kuabudu kwa Wakatoliki, Wayahudi, Waislamu na hata wapagani. Alisimama juu ya mfano wa ngano na magugu: Bwana alisema viachwe vikue pamoja, basi hakimu anang'oa kwa idhini ya nani? Bunge likaamuru kitabu kichomwe moto.

Simfanyi malaika. Baada ya vita vya 1675 na 1676, ambavyo mji wake uliteketea, alishiriki katika kamati iliyouza mateka wenyeji utumwani. Doa hilo halifutiki.

Lakini mwaka 1663 koloni lake la Rhode Island, kwa juhudi za mchungaji Mbaptisti John Clarke, lilipata hati ya Mfalme Charles wa Pili. Hati hiyo ilikuwa kama katiba yao, na ilikataza mtu kusumbuliwa kwa imani yake maadamu havunji amani. Ilitumika hadi miaka ya 1840. Mwaka 1791 katiba ya Marekani nayo ikalizuia Bunge kuanzisha dini ya taifa.

Sasa sikia kuhusu Wakweka, hao wa Kanisa la Marafiki tunaowajua magharibi mwa Kenya. Kati ya 1659 na 1661 Boston iliwanyonga wanne. Rhode Island ilitakiwa iwafukuze, ikakataa. Na Williams hakuwapenda hata kidogo! Aliamini wanapotosha Injili. Mwaka 1672, akikaribia umri wa miaka 70, alipiga makasia kutwa nzima kutoka Providence hadi Newport ili ajadiliane nao. Walibishana siku tatu, wakamalizia ya nne Providence. Hakuna aliyebadili mawazo. Wakweka waliendelea na ibada zao bila kuguswa, na gavana wa koloni mwaka ule alikuwa mmoja wao.